Pengo la Naeku na Ndoa Yangu

Ngorongoro,
Julai 1981

Ndugu Daktari Patrisi,

Nakuita Ndugu kama tunavyoitana mkutanoni, wala si kwa damu. Naomba hilo lieleweke mapema.

Ulipopanda kutoka Karatu kuja kukagua meno shuleni, ulimwangalia kinywani binti yangu Naeku wa darasa la saba, ukaona meno mawili ya mbele chini hayapo. Ndipo ukaniuliza, wazazi wote wakisikia, kama mimi na mama yake ni ndugu wa damu, kwa kuwa watoto wa wazazi kama hao huweza kukosa meno. Jioni ileile shemeji zangu wakamchukua mke wangu Namelok, wakarudi naye kwao. Kwetu mtu haoi damu yake. Nampenda mke wangu, Daktari, na chai ninayojipikia hainyweki. Nalalamika hivi:

1. Meno hayo yaliota. Mama yangu aliyang'oa kwa ncha ya kisu, kama wafanyiwavyo watoto wetu wote, ili mtoto akiugua taya likakaza, pawe na pa kupitishia maziwa. Ungemuuliza Naeku mwenyewe. Siku ile alipiga kelele mpaka mbuzi wakatawanyika.

2. Namelok ni wa ukoo wa Molelian, mimi ni wa ukoo wa Laiser. Kama pengo ni undugu, basi boma zima tumeoana kimakosa na wake wote warudi kwao. Nani atakamua?

3. Ng'ombe hana meno ya mbele juu, hata mmoja. Je, wote ni watoto wa binamu? Mbona huko Karatu maziwa yao mnayanywa?

4. Wewe mwenyewe una mwanya. Kwa adabu, sikuuliza wazazi wako walikutania wapi.

Hivyo naomba uje upesi, usimame mbele ya shemeji zangu, useme umekosea. Nitakuchinjia beberu.

Msalimie mkeo, wauguzi wote, na yule dereva wako ambaye hakuuliza mtu chochote.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Saruni

Nyongeza: Kabla sijafunga bahasha, mama mkwe amefika kunisuta. Kwa desturi simtazami usoni, hivyo miaka yote hii sikuwahi kuona meno yake. Leo kwa hasira alipanua kinywa chote, nami nikasahau heshima. Juu kushoto hana jino la chonge, ufizi mtupu. Mimi pia sina, halikuota. Naeku naye hana, na hakuna aliyeligusa. Nimemuuliza mama yangu kama kuna undugu. Ameomba ugoro. Barua naituma kwa sababu stempu nimeshabandika. Njoo useme umekosea kama nilivyoomba, lakini nakusihi, mama mkwe usimkague.