Kituo cha Afya Sebuleni Kwangu

Jumatatu, 3 Juni

Mapinduzi ofisini! Bosi katangaza kuwa mafaili ya ukaguzi wa vituo vya afya yanastaafu. Kuanzia wiki hii kila kitu ni mtandaoni: kusajili zahanati, kuikagua, kuifunga, hata mwananchi kulalamika. Wakaguzi tumepewa vishikwambi. Changu kina mkwaruzo. Cha Bi Msasa hakina.

Bi Msasa ni mkaguzi mwenzangu. Jina hilo nilimbandika mimi, kwa jinsi anavyosugua jambo mpaka ling'ae. Ofisi nzima imelidaka. Na yeye kalipenda! Hapo ndipo linaponiudhi.

Kubwa zaidi: mmoja wetu atateuliwa msimamizi wa mfumo, naye atapewa ofisi yenye mlango. Miaka yote hii nimekaa ukumbini, mgongo wangu umeelekea choo. Nautaka ule mlango. Nikamwambia bosi, mbele ya watu, kwamba mifumo ya namna hii naijua kama kiganja cha mkono wangu. Sijui kwa nini. Maneno yalitoka yenyewe.

Jumanne, 4 Juni

Mafunzo. Mkufunzi ni mama mpole kutoka makao makuu. Wote wameuliza maswali, Bi Msasa kuliko wote. Mimi sikuuliza. Mjuzi haulizi. Kazi yangu ilikuwa kumtikisia mkufunzi kichwa, kama mwalimu anayeridhika na mwanafunzi wake. Alisema kitu kuhusu upande wa majaribio na upande wa kweli. Nilikuwa katikati ya kutikisa.

Jioni nikafanya mazoezi sebuleni. Nikabuni kituo: Tumaini Jipya. Huduma: nikatia alama zote, uzazi ukiwemo, mchana na usiku. Vitanda: vinne (nilihesabu makochi). Mahali: nikabonyeza "Hapa nilipo". Mkaguzi aliyethibitisha: mimi. Ting! Hongera, kituo kimesajiliwa. Rahisi kama kunywa maji. Mke wangu akauliza nacheka nini peke yangu. Nikamwambia ajue anaongea na msimamizi.

Jumatano, 5 Juni

Balaa. Bosi kawasha ramani ukutani. Kila kituo ni kidoti cha kijani. Kimoja kipo mtaani kwetu. Juu ya nyumba yangu. Jasho likanitoka mpaka kwenye soksi.

Kabla sijafungua mdomo, bosi akauliza ni nani huyu aliyefukua kituo tusichokijua. Jina langu lilikuwa pale pale. Makofi! Ningesema nini? Nikainamisha kichwa, kwa unyenyekevu.

Bi Msasa hakupiga makofi. Akauliza kipo wapi hasa, maana mtaa ule anaupita kila siku. Nikasema kimejificha kidogo. Akasema kituo cha afya kinachojificha ana hamu sana ya kukiona. Na mfumo, ambao ndio unaopanga nani akague wapi, umempanga yeye. Ijumaa.

Mchana kutwa nimetafuta kitufe cha kufuta. Hakuna. Kuna "Funga kituo", lakini lazima mkaguzi wa pili aridhie. Mkaguzi wa pili ni nani? Bi Msasa. Nimezunguka uwanja wa ofisi mpaka mlinzi akaniuliza nimedondosha nini.

Mke wangu anasema si niende tu niseme nimekosea. Hajui maisha ya ofisini.

Alhamisi, 6 Juni

Nimetoa taarifa kuwa naumwa. Hodi ya kwanza, mzee kashika shavu. Jino. Simu imemwambia kituo cha karibu ni hapa. Nikampa maji ya chumvi asukutue, nikamwelekeza zahanati ya kweli, ng'ambo ya daraja. Akaja mama na mtoto anayekohoa. Nao nikawaelekeza. Akaja bwana mmoja haumwi popote, anataka cheti cha ugonjwa apeleke kazini. Huyo tulielewana, ila sikuwa na mhuri.

Mama mkwe, aliyekuja kwetu kupumzisha magoti yake, kawakalisha wote kwenye makochi na kuwamiminia chai. Foleni ikaanza kupendeza. Hapo wazo likanijia. Zuri!

Kesho, kwa muda mfupi tu, sebule iwe kituo. Shuka nyeupe juu ya makochi. Koti jeupe nitaazima kwa kinyozi. Mama mkwe awe mgonjwa. Bi Msasa atakuta kituo kinyonge, cha kutia huruma, ataridhia kifungwe, na kila mtu atashika njia yake. Mama mkwe kakubali haraka mno. Kauliza tu kama daktari atayaangalia magoti kweli.

Mke wangu haongei na mimi.

Ijumaa, 7 Juni

Lazima niandike haya.

Mvua tangu alfajiri. Koti la kinyozi lilinibana makwapa na lilijaa nywele za watu. Mama mkwe alijilaza na simu yake, akinung'unika kuwa tangu alazwe hajaguswa. Mlango ukagongwa. Nikautengeneza uso. Hakuwa Bi Msasa.

Alikuwa mwanamume kalowa chapachapa, kamkumbatia mkewe kiunoni. Uchungu wa uzazi ulikuwa umemshika. Walikuwa wanakwenda ng'ambo ya daraja, simu ikawaonyesha kituo cha karibu zaidi, uzazi mchana na usiku, wakakata kona. Mwenye pikipiki aliyewaleta alishaondoka. Yule mwanamke akalitazama koti langu, akasema, "Daktari, anakuja."

Sijawahi kuichukia nguo kama nilivyolichukia lile koti.

Nikasema mimi si daktari. Mumewe hakunielewa. Nikarudia. Akazitazama zile shuka, akamtazama mama mkwe. "Sasa hapa ni wapi?" Mke wangu akanisukuma pembeni, akamlaza yule mwanamke kwa ubavu, akamshika mabega na kumwambia apumue taratibu. Kisha akanigeukia. "Tafuta gari! Unangoja nini?"

Nikatoka mbio. Barabara tupu, maji mpaka kwenye vifundo. Nikapunga mikono hewani kama mwehu. Mara gari la ofisi likakata kona, Bi Msasa kwenye usukani, kishikwambi chake kimefungwa vizuri kwenye mfuko wa nailoni. Akaliona koti. Akafungua mdomo.

"Dada," nikasema, "kuna mama anajifungua ndani."

Akaufunga mdomo. Akageuza gari.

Nilikaa nyuma nao. Yule mwanamke akaudaka mkono wangu badala ya wa mumewe. Nadhani alitaka kuuvunja, na alikuwa na haki. Darajani foleni, magari hayasogei. Bi Msasa akashuka kwenye mvua, akagonga dirisha moja baada ya jingine, akawafokea madereva mpaka wakatupisha. Mtoto kazaliwa juu ya machela, mlangoni mwa wodi. Wa kike. Hakulia mara moja. Mkunga alimsugua mgongo, sisi wote tumesimama, hakuna anayepumua. Ule ukimya siutaki tena maishani mwangu. Kisha akalia. Na mimi nikalia. Tukapokezana.

Mkunga akasema tungekawia kidogo tu, sasa hivi angekuwa anatuambia mengine.

Jumamosi, 8 Juni

Baba wa mtoto kaja. Nikadhani kushukuru. Kaleta shuka letu, limefuliwa na kukunjwa. Hakutaka kuingia. "Kaka, naomba kujua kitu kimoja. Kwa nini simu ilituleta kwako?"

Nikamweleza. Yote. Hakupaza sauti. Heri angepaza. Alisema mkewe kalala salama na mtoto ananyonya, kisha akaenda zake. Shuka nikalirudisha kabatini mwenyewe.

Nimemwapia mke wangu: kujifanya mjuzi, basi. Kaniuliza basi mpaka lini.

Jumatatu, 10 Juni

Nimeitwa kwa bosi. Nilijiandaa kueleza kuwa ilikuwa hitilafu ya mtandao. Nikaanza vizuri tu. Bosi akanigeuzia kioo cha kompyuta yake.

Kwenye malalamiko ya wananchi, chini ya Tumaini Jipya, mama mkwe alikuwa ameandika tangu Ijumaa, akiwa kajilaza kwenye kochi langu: "Nimelazwa tangu asubuhi, magoti hayajaguswa. Daktari ni mkwe wangu, kazi yake ukaguzi. Nyota moja, kwa ajili ya chai."

Chai alitengeneza mwenyewe!

Taarifa ya Bi Msasa haikuongeza chumvi hata chembe. Kaandika hata kwamba nilikimbia mvuani kutafuta gari. Hilo limeniuma kuliko yote. Kituo kimefungwa. Usimamizi kapewa yeye, pamoja na mlango. Kazi yake ya kwanza: sasa mkaguzi hawezi kuthibitisha kituo alichokisajili mwenyewe. Mimi nimepata onyo na uhamisho kwenda kitengo cha magari, kupokea funguo.

Jumatano, 12 Juni

Kitengo cha magari si kibaya. Madereva wanaipenda hadithi ya darajani. Jana niliisimulia nikiwa mimi kwenye usukani. Inakwenda vizuri zaidi hivyo.

Leo tangazo jipya: magari ya wagonjwa nayo yanaingia mtandaoni. Mwananchi ataita gari kwa simu yake. Anahitajika mtu mwenye uzoefu wa mifumo. Madereva wote wakatazama viatu vyao. Sikukusudia kunyoosha mkono. Ulinyooka wenyewe.

Mafunzo ni kesho, lakini nimeomba simu ya kitengo nije nayo nyumbani, nipashe misuli. Mke wangu kaiona mezani. Kamchukua mama yake, wamekwenda kulala kwa shemeji.

Kumetulia. Ni mpangilio rahisi sana huu, hata mafunzo sioni ya nini. Kuna kitufe kikubwa chekundu: "Ita magari yote". Nakibonyeza kidogo tu, nione.