Mshale wa Gari la Baba

Jumatatu, 4 Machi

Simu imeingia asubuhi kutoka hospitali. Hali ya Mama Mkubwa si nzuri na anamuulizia Mama. Ni ndugu yake wa pekee, na ndiye mtu pekee duniani anayemwita Mama "Kidoti", kwa ajili ya ile alama ndogo kidevuni. Sisi wengine tunamwita Mama tu. Mama kakaa ukingoni mwa kitanda, mkoba mapajani, utadhani safari ni sasa hivi. Ni mwendo wa saa tano.

Shemeji, mume wa dada yangu, akajitolea papo hapo. Gari lake jipya, lina kiyoyozi, kesho alfajiri yuko tayari. Nikamkatiza. Nikasema Mama atapelekwa na mwanawe, kwa gari la Baba, Jumamosi. Mama akauliza kwa nini tusiende kesho. Nikamwambia gari linahitaji kuangaliwa kidogo tu. Dada akanitazama kwa lile jicho lake.

Nina sababu zangu. Baba alipozidiwa mwaka juzi, shemeji ndiye aliyempeleka hospitali. Mimi nilikaa nyuma na begi la nguo. Baba alimshukuru shemeji. Mimi sikuambiwa kitu, na bado inaniuma. Sikai nyuma na begi tena.

Jumanne, 5 Machi

Kasoro ya gari ni moja. Ukiwasha tu, injini ingali baridi, mshale wa joto unaruka mpaka kwenye nyekundu.

Nimelipeleka kwa fundi, yuleyule aliyekuwa akilihudumia enzi za Baba. Akaweka kiganja juu ya injini, akasema injini haina neno, anayedanganya ni sensa ya joto, kile kidude kinachoupa mshale habari. Ataibadilisha Alhamisi, akishapata nyingine. Nikamuuliza kama ni kazi kubwa. Akasema si kubwa, ila ina adabu zake: injini iwe imepoa, sensa ifungwe chuma kwa chuma, halafu maji yajazwe polepole huku injini ikinguruma, mpaka upepo wote utoke.

Nikaitikia kwa kichwa. Moyoni nilishaamua. Kidude chenyewe kama kidole gumba! Shemeji ataambiwa nimekifunga kwa mikono yangu mwenyewe.

Jumatano, 6 Machi

Nimenunua sensa. Nimeifungua ya zamani mara tu niliporudi kutoka dukani, injini ikiwa ya moto. Maji yakaruka. Mkono wa kulia umebabuka. Dada akanipaka dawa, akanifunga bendeji.

Injini ilipopoa nikafunga mpya. Ikavuja, tone, tone. Nikaifungua tena, nikaizungushia ule utepe mweupe wa mafundi bomba, mizunguko kumi na miwili. Hakuna tena hata tone. Hiyo inaitwa akili. Nikajaza maji mpaka mdomoni, nikafunga kifuniko. Habari ya upepo niliachana nayo. Upepo upite wapi kwenye kitu kilichofungwa?

Nikawasha. Mshale umelala chini kabisa. Nikazunguka mitaa mitatu, bado umelala. Kidogo nilie kwa furaha. Nikampigia shemeji kumjulisha. Akasema hongera. Sikuipenda sauti yake.

Alhamisi, 7 Machi

Simu ya hospitali tena. Mama Mkubwa ameamka na kuongea, amesema Kidoti aje, ana neno naye.

Shemeji kafika mchana, funguo mkononi, akaomba kwa upole twende leo hii. Ule upole ndio unaonichosha. Nikasema haiwezekani, nimefua viti vya gari ili Mama afike kwa heshima, na viti viko juani, vimelowa. Shemeji akasema la kwake halijafuliwa lakini linatembea. Dada akacheka.

Mama akazitazama funguo. Akanitazama mimi na mkono wangu uliofungwa bendeji. Akasema atamsubiri mwanawe. Nilijisikia mkubwa kama nyumba.

Ijumaa, 8 Machi

Viti vimekauka. Nikampakia Mama tuzunguke kidogo, ajionee. Badala ya kusifia akauliza mbona mshale umelala. Enzi za Baba, gari likishatembea, ulikuwa unakaa katikati. Nikamweleza kwamba sensa ile ilikuwa imezeeka, hii ni mpya. Akasema sawa, mwanangu. Amekaa kiti kile miaka kumi na tisa, lakini mambo ya injini atayajulia wapi?

Jioni fundi akapita, akaomba apige jicho chini ya boneti. Nikamwambia asijisumbue. Kijicho cha kazi, nakijua.

Jumamosi, 9 Machi

Tuliondoka saa kumi na mbili asubuhi. Mama alivaa gauni la bluu, la sherehe. Njia nzima alisimulia utoto wake na Mama Mkubwa. Walilala kitanda kimoja mpaka dada mtu alipoolewa. Usiku wa mwisho Kidoti alificha viatu vya bibi harusi ili asiondoke. Sijawahi kumsikia Mama akiongea hivyo. Alikuwa na sauti ya mtoto.

Saa tatu, kwenye mlima, ikaja harufu ya chuma kilichoungua. Nikatazama mshale. Umelala. Mama akasema kuna kitu kinanuka. Nikamwambia ni lori lile la mbele. Lori likakata kona likaenda zake, harufu ikabaki. Mshale umelala. Kisha moshi mweupe ukafunika kioo, injini ikakata, na kukawa kimya.

Mama akakaa juu ya jiwe kando ya barabara, mkoba mapajani. Nikamwaga maji ya kunywa yote kwenye rejeta. Yakatokea chini. Nikajaribu kusimamisha magari, hakuna aliyesimama. Karibu saa tano nikashindwa, nikampigia shemeji. Hakuuliza swali hata moja. Alitufikia saa nane kasoro, akamfungulia Mama mlango wa mbele. Mimi nikakaa nyuma na begi.

Tulifika saa kumi. Kitanda cha Mama Mkubwa kilishatandikwa upya. Nesi akasema alifariki saa saba. Tangu asubuhi alikuwa macho, kila mlango ukifunguliwa anauliza. Mama akamwomba nesi arudie alichokuwa akiuliza, vilevile alivyokuwa akisema. Nesi akarudia: "Kidoti kafika?"

Mama akaitika. Aliitika "Abee, dada," kwa ile sauti ya garini, akiangalia shuka jipya. Ndipo akaanza kulia.

Lile neno hatutalijua. Gari lisingekufa njiani, tungefika saa tano asubuhi. Na tungeondoka Jumanne na shemeji, wangekaa pamoja siku nne. Kosa ni langu. Naandika ili nisisahau.

Jumapili, 24 Machi

Fundi amemaliza kutengeneza injini. Alinionyesha sensa na ule utepe wangu. Anasema sensa hupeleka habari kwa kugusana na chuma, nami niliivisha koti, ikawa bubu. Mshale ulilala kwa sababu haukuwa unaambiwa kitu. Na ule upepo niliouacha ndani ndio uliozuia maji yasizunguke. Amefunga upya, chuma kwa chuma. Mshale sasa unapanda mpaka katikati na kutulia hapo.

Tangu mazishi Mama haongei sana. Leo asubuhi nilimpelekea chai, nikajaribu kumwita Kidoti. Aliweka kikombe chini, akaniomba taratibu nisirudie.

Anataka kwenda kuliona kaburi. Shemeji kajitolea tena, yule mtu hachoki. Nimesema Mama atapelekwa na mwanawe. Mama akainuka. Alitoka nje, akaweka kiganja juu ya boneti, akakiacha pale kwa muda.

Nimemfikiria sana. Katikati ni karibu mno na nyekundu. Akiuona mshale umepanda namna ile atakosa raha njia nzima, na ameshateseka vya kutosha. Kwa hiyo mchana nimeifungua sensa, injini ikiwa imepoa, maana mimi si mjinga. Nimetumia utepe wa maana safari hii, si ule wa mwanzo, na mizunguko sita tu.

Mshale umelala chini kabisa. Mama atasafiri kwa amani. Tunaondoka Jumamosi.