Mashine Yangu Yenye Haraka na Hindi la Kuchemsha

Leo nimeaibishwa na hindi la kuchemsha. Mbele ya ghala zima la watu. Na aliyelishika hilo hindi ni mama yangu mzazi.

Naanza mwanzo, maana najua humu kundini kuna watu wameshaanza kusikia habari ya mjini, na ya mjini ina chumvi.

Mnanijua. Miaka tisa Dar. Nimeuza vocha, nimetengeneza redio, nikajisomesha mwenyewe mpaka diploma ya elektroniki. Mwaka jana nikarudi Songea, nikafungua karakana Ruhuwiko. Wenzangu walirudi na sabufa. Mimi nimerudi na ujuzi. (Sabufa pia ninayo.)

Kazi yangu ya kujivunia ni kipima unyevu wa mahindi. Unamimina mahindi kwenye kikombe chake, unabonyeza kitufe, namba inatokea. Isipozidi kumi na tatu na nusu, taa ya kijani inawaka: makavu, ingiza ghalani. Ikizidi, nyekundu: rudi nayo ukaanike. Chama chetu cha wakulima kilikuwa kinachagua kati ya vipima vya dukani kutoka Dar na vyangu. Leo ndiyo ilikuwa siku ya kujaribu changu. Kikifaa, msimu mzima ni wangu. Kisipofaa, naendelea kubadilisha vioo vya simu.

Sasa sikilizeni ujinga ulipoingia.

Programu ya kipima imeandikwa kwa lugha ya C, juu ya maktaba anayoitunza Rehema, niliyesoma naye diploma. Maktaba ni vipande vya programu vilivyoandikwa tayari ili kila mtu asianze upya. Rehema ameiandika ifanye kazi kwenye chipu ya aina yoyote. Ilikuwa inafanya kazi vizuri. Hakuna mtu aliyelalamika. Hata mmoja!

Lakini mimi nikaona ni unyonge. Chipu yangu naijua mpaka utumbo. Kwa nini niongee nayo kupitia mkalimani? Nikaamua kuongeza kwenye maktaba vipande vya asembli, yaani lugha ya chipu yenyewe, kwa ajili ya chipu ile moja tu. Siku nne nimekaa kitini. Nikafika kipande cha kusoma sensa, yaani kile kidude kinachohisi unyevu, nikakuta Rehema ameweka mstari ambao kazi yake ni kusubiri. Unasubiri tu! Nikaufuta.

Nikampigia kumtambia.

"Nimeipa maktaba yako miguu," nikamwambia.

"Kulikuwa na tatizo la kasi?"

"Hapana. Nimetaka tu ikimbie."

"Na ule mstari wa kusubiri umeuacha?"

"Nimeufuta. Ulikuwa haufanyi chochote."

"Umejaribu na mahindi?"

"Mara mia mbili, Rehema. Mara zote kumi na mbili nukta moja. Haitikisiki!"

"Haya, mhandisi," akasema, akakata.

(Nilijaribu mara mia mbili, kweli. Kwa bakuli moja. La mahindi yale yale, ya mama. Hilo kumbukeni, maana mimi sikulikumbuka.)

Leo saa tatu asubuhi nikaingia ghalani nimechomekea. Shikamoo kwa wazee wote, mmoja mmoja. Mwenyekiti, Mzee Haule, akanikaribisha: "Fundi wetu huyu hapa."

"Mhandisi," nikamrekebisha, kwa heshima.

Nikatoa hotuba. Hakuna aliyeniomba. Nikaeleza habari za Dar, nikaeleza asembli, nikaeleza jinsi nilivyojisomesha mwenyewe bila msaada wa mtu. Mama yangu alikuwa wa tatu kwenye foleni, amekaa juu ya gunia lake, ananitazama bila kupepesa. Kisha nikachomoa mfukoni kiganja cha mahindi ya mama, nikapima kuwaonyesha. Namba ikatokea kabla sijaondoa kidole kwenye kitufe. Kumi na mbili nukta moja. Watu wakaguna kwa mshangao. Utamu ulioje!

Wa kwanza, Mzee Ngonyani. Kumi na mbili nukta moja. Kijani. Akapigiwa makofi, na mimi nikainama kidogo kana kwamba ni yangu.

Wa pili, dada Salima, huku anatafuna hindi la kuchemsha alilonunua hapo nje. Bati la nyumba yake linavuja na gunia lake lilinyeshewa. Alikuja kwa kujaribu bahati tu, mwenyewe alikiri. Nikamimina. Kumi na mbili nukta nane. Kijani!

"Jamani," Salima akasema, "hata mimi nimeshangaa."

"Macho yanadanganya, dada," nikamwambia. "Sayansi haidanganyi."

Wa tatu, mama.

Nikamimina. Nikabonyeza. Ishirini na moja. Nyekundu.

Mahindi ya mama yangu yameanikwa kwenye turubai wiki tatu, yanageuzwa kila saa, kuku anafukuzwa kwa jina lake. Mama akafungua gunia lake. Akachota punje moja, akaiweka kwenye jino, akauma. *Ka!* Mlio ukasikika mpaka kwenye mizani.

"Hii ni mbichi?" akauliza.

Hapo ningeweza kupima tena. Kidole kimoja tu! Lakini nikawaza: nikirudia kwa mama, watasema nampendelea. Nikavuta pumzi, nikasema kwa sauti wote wasikie:

"Mama, mashine haina undugu. Na meno si kipimo."

(Nilisema. Kwa mdomo huu huu.)

"Sawa, mwanangu," mama akajibu, akavuta gunia lake pembeni. Kisha akawageukia watu. "Amejisomesha mwenyewe, mmemsikia. Hayo mahindi yangu yaliyokuwa yanapanda basi kwenda Dar kila muhula, nadhani yalikuwa yanakwenda kutembea."

Walicheka. Nikajifanya nakaza waya.

Wa nne, Mwenyekiti mwenyewe. Alileta mahindi yaliyovunwa juzi, akasema wazi kwamba bado, alitaka tu kuona mashine inasemaje. Mashine ikasema kumi na mbili nukta moja. Kijani.

Mzee Haule akavua miwani, akaifuta, akavaa tena. "Mhandisi, haya yangu ukiyapanda kesho yanaota."

Nikafungua mdomo nieleze. Mama akanitangulia. Alikuwa amesimama pale pembeni muda wote, anatazama namba kama anavyotazama mizani akipimiwa sukari dukani.

"Mwenyekiti," akasema, "naomba nimuulize mtoto swali moja kwa vitendo. Yamwage hayo. Ibonyeze ikiwa tupu."

Nikabonyeza. Kikombe kitupu, hakina hata punje. Ishirini na sita. Nyekundu.

"Hewa imenyeshewa?" mtu akauliza nyuma.

Mama akabonyeza tena mwenyewe. Sifuri. Kijani. Kisha akamgeukia Salima. "Nipe hilo hindi, mwanangu." Akapukuchua punje zilizobaki kwenye lile hindi la kuchemsha. Zinatoka mvuke! Zinadondosha maji! Akazitia kwenye kikombe, akabonyeza.

Sifuri. Taa ya kijani. Na kwa kuwa mimi ni mtu wa madoido, kioo kikaandika neno nililoliandika kwa mkono wangu, litokee kwa mahindi makavu kupindukia: HONGERA.

Jamani! Mzee Ngonyani alikaa chini. Salima alishika nguzo. Mtu wa mizani alitoka nje kabisa ili acheke kwa nafasi.

"Nimeielewa mashine yako," mama akasema, hata hacheki. "Haimpimi aliye mbele yake. Inamsengenya aliyeondoka."

Na ndivyo ilivyokuwa. Kila mtu alikuwa anapewa jibu la aliyemtangulia. Mzee Ngonyani alipewa la mfukoni mwangu. Salima alipewa la Mzee Ngonyani. Mama alipewa la Salima. Na lile bakuli langu la majaribio lilikuwa linajifuata lenyewe, ndiyo maana halikutikisika. Nikatoka nje, nikampigia Rehema.

"Ule mstari wa kusubiri..." nikaanza.

"Sensa inahitaji muda kidogo kupima," akasema, kama aliyekaa na simu mkononi tangu ile siku. "Wewe unaagiza chakula kwa mama ntilie, halafu kabla hajageuka unabeba sahani ya mteja aliyepita."

"Ungeniambia!"

"Nilikuuliza. Ukasema haufanyi chochote."

Nikafungua kompyuta juu ya gunia la mahindi, watu wamenizunguka kama msibani. Nikaondoa asembli yote. Siku nne za maisha yangu, nikazifuta kwa dakika moja. Nikarudisha C ya Rehema, pamoja na ule mstari wake. Tukapima upya. Salima, nyekundu. Mwenyekiti, nyekundu. Mama, kijani, kumi na mbili nukta moja.

"Na sasa imepungua kasi kiasi gani?" Mzee Haule akauliza.

Nikabonyeza tena, tukatazama wote. Namba ilitokea kabla sijaondoa kidole kwenye kitufe. Kama mwanzo. Hakuna aliyeona tofauti. Hata mimi sikuiona.

Kamati ikajadili muda mrefu kuliko nilivyopenda. Kisha Mwenyekiti akatangaza: kipima changu kinakubaliwa kwa majaribio, kwa sharti moja. Kila jibu lithibitishwe na mtaalamu atakayekaa mezani pembeni yake.

Mtaalamu ni mama. Amepewa kiti chenye mto. Mimi nimepewa kigoda.

Kwa hiyo kesho tunaanza kazi saa mbili. Mashine inatoa namba, mama anauma punje, kisha ndipo karani anaandika. Tafadhali mkipita ghalani msicheke, maana mama ameshasema atakayecheka atamtuma kwangu apimwe.