Neno la Kiingereza Mbele ya Wakwe

Leo nimejiaibisha, tena mbele ya wakwe.

Wazee wa Kikuria wametoka Migori kuja hapa Kosele kumposa Akinyi, binti wa marehemu kaka yangu. Msemaji wetu nilikuwa mimi. Kazi yangu ilikuwa moja tu: kuwaambia wageni kwamba Akinyi atamaliza kwanza masomo ya chuo kikuu pale Rongo, ndipo ahamie kwa mumewe. Kwetu mambo kama hayo husemwa kabla ya chakula. Chakula kikishaombewa, mazungumzo yamefungwa.

Asubuhi Akinyi aliniomba, "Baba mdogo, leo tafadhali uwe intelligible." (Ananijua.)

Nikafungua kamusi yangu ya tangu sekondari. Kumbe maana yake ni kitu kinachoeleweka! Tena neno lenyewe limetoka Kilatini. Nikafurahi mno. Hapo ndipo nilipokosea.

Wageni walipoketi, nikasimama. "Wakwe zangu, nimeombwa nieleweke. Lakini kueleweka ni nini?" Nikaanza. Warumi walikuwa na neno inter, yaani kati. Walikuwa pia na legere, yaani kuchagua. Anayeelewa ni yule anayeweza kuchagua jambo moja kati ya mengi. (Mimi sikuchagua hata moja.) Kilatini nikakitamka kwa sauti nzito, macho nimefumba, mikono nimeinua.

Nilipofumbua macho, wageni wote walikuwa wameinamisha vichwa. Mzee wao akasema kwa nguvu, "Amina!"

"Amina!" wakaitikia.

Chakula kikaletwa. "Ngojeni, bado sijasema..."

"Umeomba vizuri sana, mzee," akanikatiza mzee wao, tayari ana paja la kuku mkononi. "Basi tumekubaliana. Jumamosi tunakuja kumchukua msichana."

Shemeji yangu, mama yake Akinyi, akanitazama. Mtazamo ule sitausahau. Nikaketi kabla hotuba haijaisha. (Kwa mara ya kwanza maishani!)

Akinyi akaweka chini birika la kunawisha wageni, akamwambia mzee wao, "Baba, mimi nitamaliza chuo kwanza. Nikimaliza, nitakuja."

Mzee akaacha kutafuna. "Ala! Ni hilo tu? Maliza, mama. Tutangoja." Kisha akanigeukia. "Sasa wewe, mkwe, ulikuwa unaombea nini muda huo wote?"

Nyumba nzima ikaangua kicheko. Kosa ni langu, na shemeji nimemwomba radhi. Ila habari hii ikifika sokoni Rodi Kopany, tafadhali semeni ni mzee mwingine.