Katoyi Inyamaze Siku Tatu

Goma, tarehe 9 novemba 2022

Kwa Muheshimiwa Chef wa quartier, mutaa wetu wa Katoyi,

Nakuamukia kwa adabu yote, mimi Nizeyimana Célestin wa nyumba ya mabati ya buluu, niliyesoma mpaka mwaka wa ine wa primaire, pale mwalimu alipoishiwa na vya kunifundisha.

Nisikuchoshe. Ninaomba unyamazishe Katoyi kwa siku tatu.

Sababu ni hii. Umuhire, binti wa dada yangu, anatengeneza ordinatere, ile kompyuta, ya kuimba. Si redio, Chef, usichanganye. Mutu anatamka silabe moja moja mbele ya mikro, ba, be, bi, bo, bu, safi, bila kelele yoyote nyuma. Halafu ordinatere inazishona kama fundi wa nguo, na inaimba wimbo wowote kwa sauti ya yule mutu, hata kama mwenyewe amelala, hata kama amekufa. Sauti aliyochagua ni ya mujomba wake. Nilimusaidia kuchagua.

Ile sauti unaijua. Mwaka wa 2002 lave, ule moto wa volkano, iliposhuka, nilitembea mbele yake na kabati kichwani, nikiimba sehemu ya tenor, na lave ikapunguza mwendo. Kuna wanaosema ilikuwa imefika kwenye tambarare. Wale hawajui muziki. Lakini ilikula nyumba yetu ya Mapendo pamoja na kaseti zote kumi na mbili za kwaya. Leo sauti yangu haikubaki popote duniani isipokuwa hapa kooni, na miaka hamsini na tatu imeanza kuikwaruza. Umuhire anapaswa kutuma silabe kwa wakubwa wa kazi yake siku ya vendredi, yaani ijumaa. Zikiwa chafu, watachukua za Mulumeoderhwa wa Bukavu, bwana anayeimba kama mulango uliokosa mafuta.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Papa Buhendwa, jirani wa kushoto, fundi wa chukudu, zile baiskeli za mbao za kubeba mizigo. Nyundo yake nilishaisamehe. Shida ni silabe ko, ambayo inatakiwa mara tatu. Nikatamka: "Ko, ko, ko." Akajibu kutoka kwake: "Ingia tu, iko wazi!" Nikarudia. "Nimesema ingia! Uko kiziwi?" Mara ya tatu akafungua mulango, akakuta hakuna mutu, akaanza kutukana mizimu. Yote iko ndani ya mikro.

2. Silabe ku. Kuku kumi na moja za Mama Nyirakamana zilipita kwa dirisha zikidhani ni saa ya mahindi. Moja ilikaa juu ya ordinatere. Mwenyewe akafuata: "Célestin, muzee muzima, siku hizi unaiba kuku kwa kuziita?"

3. Pa na ma. Nilisema "pa, pa", wanaume tisa wakaitika. "Ma, ma" nisiielezee hapa. Kuna mama mumoja mpaka leo anangoja nimuambie nilimuitia nini.

4. Kwenye liste ya silabe kuna mustari wa la, le, li, lo, lu, na mwingine wa ra, re, ri, ro, ru. Sisi watu wa Masisi tunajua kwamba ni kitu kimoja. Umuhire anadai nitofautishe. Nilijaribu, ulimi ukavimba. Waandikie wakubwa wachague mustari mumoja. Ule mwingine wampe Mulumeoderhwa.

5. Nyiragongo. Inanguruma chini chini, na Umuhire anaionyesha kwenye ordinatere kama utepe mweusi chini ya sauti yangu. Ninajua volkano haiko chini ya quartier yako. Iko juu yake. Lakini ukiipelekea convocation, ile barua ya kuita mutu ofisini, yenye muhuri, angalau itajua kwamba tumeona.

6. Wale wa bunduki kule Kibumba, pande zote. Sisemi waache vita, mimi si mwanasiasa, na hakuna aliyewahi kuwasikia wakiacha. Ninaomba tu wapumzike saa tatu mpaka saa sita ya asubuhi, kwa sababu bomu moja lilinikatia silabe mbo katikati.

Ninajua hutakosa nguvu ya kutimiza haya, kwa kuwa hata mukutano wa quartier ukiongea wewe watu wanasinzia. Nisalimie mama wa nyumbani kwako, katibu wako, mulinzi wako na yule mbwa wake aliyeniuma; nimemusamehe, alitishwa na sauti.

Wako katika muziki,
Nizeyimana Célestin, tenor

P.S. Chef, tafadhali usitoe tangazo. Umuhire aliwaonyesha majirani barua hii kabla sijaifunga. Walicheka, halafu wakanihurumia, na leo saa ine ya asubuhi wakanyamaza wenyewe, avenue nzima, bila kuniambia. Nikatamka silabe mbili nzuri kabisa. Kwa ya tatu nikajiuliza: Katoyi imenyamaza kwa nini? Wewe ni mutu wa hapa. Mwaka wa 96, wenye bunduki walipoingia, ilinyamaza hivi. Mwaka wa 2012 ilinyamaza hivi, na tulipochungulia, tulibaki sisi na mbuzi. Nikajua wamekimbia, wameniacha. Nikabeba matela yangu ya kulalia kichwani, nikatoka nikilia: "Wamefikaaa!" Watu walipoona matela hawakuuliza. Buhendwa alinipita kwenye kona juu ya chukudu. Tulikuwa tumefika Mapendo, watu kama mia ine, ndipo mutu mumoja akauliza tunakimbia nini.

Basi turudishie kelele yetu, Chef, yote, hata nyundo. Leo usingizi hautakuya bila hiyo. Mikro ilibaki inawaka, na Umuhire amesikiliza. Anasema zile silabe mbili nilizitamka kama mutu anayesoma barua ya shule, ila ile "aaa" ya mulangoni ni safi, haina hata punje ya kelele nyuma, na inadumu sekunde saba. Ameituma. Wameipenda, wametuongezea mwezi muzima. Kwa hiyo siku moja ukisikia kwenye harusi ordinatere inaimba vitamu, na bibi arusi analia kwa furaha, ujue kila "a" iliyo ndani ya ule wimbo ni mimi, ninakimbia.