Msalaba Wenye Jina la Bonane

Wandugu wa baiskeli, leo nimezika mtu aliye hai. Mbele ya padri. Mbele ya mama yake mzazi. Nikiwa nimevaa kaptula ya kubana.

Naandika haraka kabla hamjasikia kwa watu wa Kiliba, maana wao wataongeza chumvi. (Kisa chenyewe hakihitaji chumvi.)

Jana mchana nilikuwa hapa Songo kwenye kazi yangu ya upentre, naandika jina kwa rangi kwenye ubavu wa mtumbwi, simu ikalia. Ujumbe, namba siijui. Nauweka kama ulivyo ili mniamulie:

"Pentre, Papa Katekista ametutoka. Tunamuzika kesho saa ine kwa misioni. Weye njo utaandika musalaba. Bonane Kashindi."

Nikakaa juu ya kopo la rangi. Papa Katekista ni parrain wangu, ndiye aliyenisimamia siku ya ubatizo. Ndiye aliyenifundisha kusoma, chini ya dirisha la kanisa la misioni, lile la matofali mekundu ambapo sisi wote hupumzika kilometa ya thelathini. Alinishika mkono nikaandika A yangu ya kwanza kwa mkaa, na leo nakula kwa kuandika herufi. Nililia mpaka mwenye mtumbwi akaniambia niende nyumbani, atasubiri.

Nilipofika nyumbani ndipo nikagundua kwamba jina lake silijui.

Msinikodolee macho. Ninyi mnalijua? Kwetu sote alikuwa Papa Katekista. Mke wake ni Mama Fiston, kwa sababu mtoto wao wa kwanza ni Fiston, yule aliyehamia Bukavu zamani. Mzee kama yule humwiti jina, ni kukosa adabu. Ukikaa miaka huliiti, mwisho hulijui tena. Nikapiga ile namba: hakuna rezo, mtandao umekata. Nikafikiria kumpigia mtu wa kule kijijini. Nimwambie nini? "Samahani, parrain wangu aliitwa nani?" Nina miaka arobaini na moja! Nimekula kwa mzee yule tangu sijaota meno ya mbele!

Nikausoma ujumbe tena. Musalaba, nukta, halafu Bonane Kashindi. Nikasema, haya, si hili hapa? Wamenitumia jina la kuandika.

(Naomba mtu mmoja tu kwenye kundi hili aseme angefanya vilevile. Mmoja.)

Niliuandika msalaba ule kwa moyo wote. Rangi nyeupe mara mbili, herufi nyeusi. Zile A zangu zenye mkia, ambazo mnazijua kwenye mitumbwi kuanzia Kalundu mpaka Kavimvira. Mwaka wa kuzaliwa pia sikuujua, kwa hiyo mahali pake nikachora ua. Nikauacha ukauke, nikaufunika kwa kitenge. Nilitaka watu wauone wote kwa mara moja, wajue katekista wao ameandikiwa na mkono gani.

Asubuhi nikaufunga mgongoni kwa kamba ya mpira. Nikavaa nguo zetu za mbio, ile fulana ya njano na kaptula, kwa sababu kilometa thelathini ni kilometa thelathini. Suruali nyeusi ya msiba nikaikunja nikaibana nyuma ya kiti. Viatu nikavaa vile vya kunasa kwenye pedali, vyenye chuma chini. Kumbukeni viatu hivyo.

Tangu Kavimvira watu wakaanza kunikwepa. Mwanaume wa njano ana msalaba mgongoni, anapiga pedali kama anafukuzwa! Kule kwenye mashamba ya miwa akina mama waliokuwa wamebeba majembe walisimama, wakajigusa paji la uso na kifua.

"Nani amekufa?" mmoja akaniuliza.

"Papa Katekista!"

"Yeee! Papa Katekista! Pole, mwana!"

Wote walimjua. Hakuna aliyetaja jina. Wala mimi sikushtuka.

Mbele kidogo kizuizi. Mnajua barabara yetu siku hizi, hakuna anayefanya mchezo na mtu mwenye bunduki. Askari akaninyooshea kidole.

"Simama! Nini iko mu ile kitambala?"

"Musalaba, afande."

"Fungula."

Nikafungua. Akainama, akasoma polepole.

"Bonane Kashindi. Alikuwa mutu muzuri?"

"Muzuri sana, afande."

"Alikufa na nini?"

"Uzee."

Akavua kofia. "Pole. Pita."

Nikapita. Sasa najua kwamba nilimdanganya askari kuhusu kifo cha mtu ambaye wakati ule alikuwa anakunywa chai.

Baada ya Runingu barabara ni mashimo matupu, mnaijua. Nilipofika kwenye kile kikanisa chenye kengele ya nje, kabla ya kufika misioni, nikanyoosha mkono nyuma kuikagua suruali. Hakuna suruali. Nilirudi nyuma karibu kilometa mbili nikiitafuta. Aliyeiokota aivae kwa amani. Saa zilikuwa zinakwenda, nikageuza baiskeli.

Nilifika watu wameshatoka kwenye misa, jeneza liko kwenye ngazi za kanisa. Umati umejaa mpaka kwenye mikaratusi. Nikaegemeza baiskeli, nikatembea katikati yao na chuma cha viatu: ka, ka, ka. Kila mtu akaniangalia miguu, halafu juu kidogo, halafu akaangalia pembeni. Mama Fiston alikuwa amekaa kwenye mkeka kando ya jeneza. Akanishika mkono. "Mwanangu, umekuya," akasema. Machozi yakanijaa tena.

Padri wa pale ni mgeni, amefika mwaka huu. Akachukua mikrofoni, akasema, "Tunamuomba ndugu yetu atufungulie msalaba." Nikausimamisha. Nikavuta kitenge taratibu, kama mtu anayezindua daraja. (Najichukia.)

Padri akasoma kwa sauti, na spika ikapeleka mpaka barabarani:

"Hapa anapumzika Bonane Kashindi."

Nikainua kidevu, nikisubiri sifa.

Halafu nyuma kabisa, ambako watu walikuwa wanasikia tu bila kuona, mwanamke akapiga kelele: "Na Bonane pia?" Mwingine akadakia. Wakaanza kulia upya. "Bonane! Bonane naye amekwenda! Nyumba imekwisha!" Shangazi mmoja akaanguka, wakamshika mabegani. Watu wa mbele wakageuka kuwanyamazisha, wa nyuma wakaona hiyo ndiyo ishara ya msiba wa pili, wakazidisha.

Na pale mbele yangu, ameshika picha ya marehemu kifuani, alikuwa amesimama Fiston. Macho yamemtoka. Akampokonya padri mikrofoni.

"Minye njo Bonane! Ningali muzima! Jameni, ningali muzima!"

Ndiyo. Fiston ndiye Bonane Kashindi; Fiston ni jina la nyumbani tu. Alikuwa ameweka jina lake mwisho wa ujumbe, kama mtu yeyote mwenye akili.

"Fiston," nikasema, "minye nilizani..."

"Ulizani nini? Ulizani minye nimekufa halafu nikakuandikia?"

Hakuna aliyecheka. Ingekuwa nafuu wangecheka. Kilio kikafifia kidogokidogo, kila mtu akawa ananitazama. Mama Fiston akainuka kwenye mkeka. Hakunipigia kelele. Aliniuliza kwa sauti ya chini, na ile mikrofoni ilikuwa bado imewashwa:

"Pentre, parrain yako anaitwaka nani?"

Wandugu, nimeanguka na baiskeli mara nyingi. Nimewahi kuvunjika mfupa wa bega. Sijawahi kuumia kama pale. Nikaangalia jeneza. Nikaangalia picha, mzee ananitazama na ile miwani yake iliyofungwa kwa waya. Nikaangalia viatu vyangu. Na yule mama akaona kwamba jina silijui.

"Watu wote wa hapa, ni yeye alikuwa anaandika majina yao mu kitabu," akasema. "Miaka yote ile. Mutu mumoja tu wa kumuandika na yeye, tulitafuta weye."

Halafu akanyoosha mkono kwenye mlango wa kanisa.

"Ingiya. Kitabu ya batizo iko mu sakristia. Tafuta jina yako. Yake iko pembeni."

Nikaingia. Mnajua lile kanisa lilivyo tupu na refu, lina sakafu ya saruji ya wamisionari, ukikohoa linakohoa nawe. Ka, ka, ka, ka, tangu mlangoni mpaka altare, na watu mia wako nje wanasikiliza. Nilitamani kuvua viatu, ila soksi yangu moja ina tundu. Padri akanifuata, akatoa kitabu kabatini. Tukafungua kurasa za manjano mpaka mwaka wangu. Jina langu likatokea. Nalo si Pentre, kwa wale mliosahau. Pembeni, kwenye safu ya parrain, aliandika mwenyewe, kwa wino wa buluu:

Anselmi Lwaboshi.

Ile A ilikuwa na mkia.

Miaka yote nimewaambia watu kwamba A ile nimeibuni mimi. Nimegombana na pentre wa Kavimvira kwamba ameniibia. Nikalia pale juu ya kitabu, padri akakivuta pembeni kisilowane. Na karatasi yangu ya ubatizo, yenye jina lilelile, iko kwenye valizi, lile sanduku la nguo chini ya kitanda changu. Nililala juu yake jana usiku.

Tulipotoka, Bonane alikuwa ameshaulaza msalaba kwenye nyasi, amepiga magoti, anakwangua jina lake kwa panga. Anakwangua kwa nguvu zote. Nilipendekeza tuugeuze tu, niandike upande wa pili. Akaniangalia. Sikupendekeza tena.

Rangi sikubeba. Nikaenda kwenye jiko la msiba, walikokuwa wanapika maharage, nikaomba kipande cha mkaa. Jua lilikuwa kali, jeneza linangoja, watu wananizunguka, mimi nimechuchumaa na kaptula ya kubana naandika A kwa mkaa. Niliiandika polepole, kama mara ile ya kwanza. Lwaboshi imepanda juu kidogo upande wa kulia. Lile ua wameniambia niliache.

Mama Fiston akaja akasoma. Akaweka kidole kwenye ile A, mkaa ukamshika.

"Hii iko yake," akasema. Halafu tukaenda kuzika.

Kesho narudi na rangi ya kweli kabla mvua haijanyesha. Anayetaka kufanya mazoezi anifuate, natoka saa kumi na mbili asubuhi. Aje na suruali ya ziada.

Na kabla mtu hajatuma zile sura za kucheka: kila mmoja aandike hapa chini jina la mzee aliyemsimamia ubatizo. Sitaki Papa Fulani. Sitaki Baba wa nani. Jina.

...

Dakika ishirini zimepita. Naona mmesoma wote, na jina hata moja silioni. Basi tusichekane.