Vichupa Munane, Mama Moja

Wandugu, leo nimejipigia makofi juu ya kosa yangu mwenyewe. Sale muzima, watu wote wa mukutano, inaniangalia.

Munanijua, mimi Assani mwenye kuuzisha asali hapa Kasuku, mu Kindu. Munajua pia wimbo yangu: nyuki zangu ni uzao wa nyuki za baba. Wakati wa vita, watu walikimbia na godoro, na sufuria. Baba alikimbia mpaka pori ya Kama na muzinga wa nyuki ku kichwa! (Sisi watoto tulimufuata. Kwa mbali. Mbali sana.) Kule nyuki zikaongezeka; vita ilipotulia akarudi na muzinga moja, ingine ikabakia kule. Alipokufa, nikabaki na nyuki zake.

Sasa Papa Kalonda, mwenye kuchunga nyuki sawa mimi, kila siku ananikatalia mbele ya watu: "Nyuki za baba yako zilikufaka mu vita. Hizi uliokota mu plafond, chini ya bati ya ofisi!"

Basi akakuja madame moja mutafiti, kutoka Kisangani. Anatafuta kujua nyuki za hapa kwetu ziko jamaa ngapi, nani ndugu ya nani. Unatia nyuki mu kichupa ya alkoli, wanaenda kusoma ADN yake yote, ile alama ya uzao mu mwili, toka mwanzo mpaka mwisho. Na kule Kama pia alikamata, mu mizinga ya zamani. Nikasema: haya, Kalonda amekwisha! Baba atapata heshima yake.

Niko na mizinga munane. Akanipatia vichupa munane; Kalonda pia akapata vyake. "Kila muzinga na kichupa yake, papa."

Hapa njo mambo iliharibikia. Nikaangalia muzinga wa ine: nyuki zimekonda. Wa sita: zinasinzia. Wa munane: zina hasira sawa mama mukwe. Mugeni ametoka mbali namna hii, utamupatia nyuki za kukonda? Kwetu mugeni unamuchinjia kuku munono, haumuonyeshi ule wa kuumwa! Vichupa vyote munane nikajazia mu muzinga wa kwanza. Nyuki manene, za kungaa. Nikaandika namba muzuri, moja mpaka munane. (Madame alisifu hata mwandiko.)

Leo njo siku ya kusomewa majibu. Picha mukubwa ku ukuta, kila kichupa iko nukta. Za Kalonda zimetawanyika sawa kuku zimeona mwewe. Zangu? Zote munane fasi moja, zimekumbatiana!

(Mimi masomo yangu iliishia pale somo ya chimie, kemia, ilianzia. Vita ikanimalizia.)

Nikasimama. "Muone! Za Kalonda kila moja na njia yake. Zangu zinasikilizana! Njo malezi ya baba!" Nikapiga makofi. Hakuna mwenye alinifuata.

Madame akauliza polepole: "Papa Assani, njo wewe mwenyewe ulikamata mu kila muzinga?"

"Wallahi, na hii mikono!"

"Nauliza juu ya hii: hizi zote ziko na mama moja."

"Njo umoja, madame!"

"Hapana, papa. Malkia moja. Muzinga moja."

Sauti ya Kalonda ikatoka kule nyuma: "Assani, hiyo malkia yako inalala mu nyumba munane? Inapandaka pikipiki?"

Yesu na Maria! (Na mimi ni muislamu.) Sale ikaanguka na kicheko. Nikasema ukweli wote, kuku munono na yote. Madame mwenyewe akavua miwani, anapanguza machozi. "Papa, tulikuwa tunatafuta tofauti, si uzuri. Pengine zile za kukonda njo zinaweza kushinda magonjwa."

Nilitaka kutokea ku dirisha. Lakini nikauliza, sauti kidogo sana: "Na habari ya nyuki za baba?"

Akafungua picha ingine. "Ukoo wa mama, ule unapita toka malkia mpaka binti yake, ya muzinga wako inalingana na mizinga ya zamani ya Kama. Siwezi kuapa, lakini yenye ulisema juu ya baba yako, nyuki pia zinasema vile. Hapa Kindu sijaiona kwa mwengine. Ila muzinga moja."

"Ya nani?"

"Ya Papa Kalonda."

Weee! Kumbe kundi moja ya nyuki zangu ilihamiaka kwake! Kalonda akaanza kutafuta kofia, na kofia iko ku kichwa.

Nikamupigia mama simu palepale. Akasema: "Ile siku ya kukimbia nilimutukana sana. Mimi nabeba watoto, yeye nyuki. Leo nimemusamehea."

Madame amenipatia vichupa ingine saba. Safari hii, anasema, lazima na mushahidi, nisichague tena. Mushahidi njo Kalonda.

Municheke, lakini si mingi. Na Kalonda mumuheshimu: njo yeye anachunga wajukuu wa baba yangu.